Abiria wa Kiti cha Nyuma

Taa nyekundu ya breki iliwaka kwenye dashibodi asubuhi moja, muuguzi akiendesha gari kutoka zamu ya usiku, naye kwa uchovu akaitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia bila hodi wakati masufuria yameshaoshwa. Aliisukuma breki ya mkono mpaka chini kabisa. Taa ikazimika. Kufika kona ya pili, ikawaka tena.

"Na wewe una lako," aliiambia, akaendelea hivyohivyo mpaka nyumbani, maana huko kulikuwa na mume wa kugeuzwa ubavu.

Mumewe alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande wa kulia umelala, ulimi umefunga. Mama mkwe ndiye aliyeshinda naye. Gari lile kuukuu walikuwa wamelinunua juzijuzi kwa ajili yake, apate kupelekwa mazoezi ya viungo. Nyumba nzima ilikuwa imechoka. Anayelala leo alimwibia usingizi mwenzake, na kila mtu alilijua hilo, hakuna aliyelisema.

Taa ikawa inawaka kila siku. Ikiwaka, muuguzi alisikia harufu ya godoro lililolowa, na nyuma yake kitu kama mtu anayeshusha pumzi ndefu. Alijiambia ni usingizi unaomdai. Mpaka siku alipoulaza mkono wake juu ya breki, akahisi kile chuma kinanyanyuka polepole chini ya kiganja chake, tak, jino moja.

Hapo ndipo alipolipeleka gari kwa fundi waliyemwita Mapengo.

"Dada, hii taa si ya kuzoea," Mapengo alimwambia huku akifungua boneti. "Ikiwaka ukiwa mwendoni, kwanza pembeni, usimame, ndipo uulize. Huenda breki ya mkono haijashuka vizuri. Huenda mafuta ya breki yamepungua, na yakipungua ujue yanavuja au pedi zimelika. Au ni waya tu umekatika. Tuone."

Alikagua mafuta: yamejaa. Alifungua magurudumu: pedi nzima. Alifuata mabomba na waya wote, hakuona kasoro. Basi akaingia ndani, akaishusha breki ya mkono, taa ikazimika, akalizungusha gari mtaa mmoja kulijaribu.

Aliporudi hakushuka mara moja. Alikaa ameshika usukani kwa mikono miwili, kisha akatoka na kuuacha mlango wazi.

"Gari halina ugonjwa," alisema kwa sauti ya chini, kama yuko wodini. "Taa haiwaki yenyewe. Inawashwa."

"Inawashwa na nani, fundi?"

"Mimi nafunga nati, dada. Hayo mengine usiniulize. Ila huko nyuma kuna mtu amekaa."

Muuguzi angependa kuogopa vya kutosha, lakini kesho yake ilikuwa siku ya mazoezi, na hapakuwa na namna nyingine ya kumfikisha mgonjwa. Yeye na mama mkwe walimkalisha mume kiti cha nyuma, wakamfunga mkanda, mama akabaki nyumbani. Walikwenda salama. Wakati wa kurudi, walipoanza kuuteremka mlima, taa ikawaka, harufu ya godoro bichi ikajaa gari zima mpaka vioo vikaingia ukungu, na breki ya mkono ikaanza kupanda, tak, tak, tak, huku magurudumu ya nyuma yakilia na moshi ukinuka, naye anaisukuma chini kwa nguvu zake zote na kitu kisichoonekana kinaivuta juu bila haraka, kama mtu mzima anayemnyang'anya mtoto kisu, na katikati ya purukushani hiyo mumewe, ambaye hakuwa ametamka neno tangu alipoanguka, akafumbua mdomo na kusema kwa sauti ya kike, sauti kavu, iliyochoka kupita kiasi:

"Nishushe. Nimechoka."

Alisimama pembeni. Machozi yalimtoka. "Hata mimi nimechoka," alijibu bila kugeuka. Taa ikazimika, na mumewe akabaki anakodoa macho, mate yakimchuruzika, bubu kama alivyokuwa.

Mama mkwe aliposikia hakupoteza wakati. Alimwita mtabibu mmoja wa majini, mama mnene mwenye upole mwingi. Huyo alijifungia kwenye kiti cha nyuma peke yake, wakamsikia akinong'ona, akinyamaza, akinong'ona tena. Alitoka amelowa jasho.

"Ni jini jike," alisema. "Hana ugomvi nanyi. Mwenye gari wa kwanza alikuwa mtu wa safari, akampakia njiani bila kujua, na hakusimama popote. Anatafuta pa kulala. Akivuta tena, mwanangu, usishindane naye. Simama, mfungulie mlango, mwambie ashuke akapumzike. Wala usimtazame."

Alasiri hiyohiyo muuguzi alitoka kufuata dawa za mumewe. Hata barabara kubwa hakuwa ameifikia, yuko kwenye kona ya mtaa wao, taa ikawaka. Alisimama. Aliteremka, akaufungua mlango wa nyuma huku macho yakiwa kwenye lami.

"Shuka, ndugu yangu," alisema, na huruma iliyomjia ilimshangaza mwenyewe. "Nenda ukalale."

Kiti kililia. Gari likapanda kidogo, kama linavyopanda mtu mzito akishuka. Harufu ile ikampita usoni, ikaenda zake. Muuguzi alikwenda dukani, akanunua dawa, akarudi akiendesha gari jepesi, taa imelala, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alijikuta anapiga mluzi.

Mama mkwe alikuwa amesimama langoni. Alipomwona anashuka garini, alijishika kifua.

"Mama, kuna nini?"

"Wewe... wewe si umeingia kitambo?" mama alinong'ona. "Nimekuona kwa mgongo ukipita ukumbini. Nimekusemesha, hukujibu. Nikasema wacha mkwe wangu alale, amechoka. Umelala pale na mwenzio. Sasa hivi nimetoka kukufunika shuka."

Waliingia miguu mitupu. Mlango wa chumbani ulikuwa nusu wazi, na mwanga wa jua la jioni umefika mpaka kitandani. Mume alikuwa macho, anatazama dari, chozi limemtiririka hadi sikioni. Pembeni yake shuka lilikuwa limetuna kwa umbo la mtu aliyejikunja, na juu ya mto usio na kichwa palikuwa na bonde, na pumzi nzito zilikuwa zikipanda na kushuka.

Muuguzi alimwekea mkwewe kidole mdomoni. Wakamshika mgonjwa, mmoja kwapani, mmoja miguuni, kama alivyozoea kuwahamisha wagonjwa wodini, wakamtoa inchi kwa inchi. Shuka lilijigeuza mara moja, likahema, likatulia. Walimpakia garini, hawakuchukua hata mto.

"Tunakwenda wapi?" mama aliuliza.

"Sijui, mama. Funga mkanda."

Nyuma yao, ndani ya nyumba, mtu alianza kukoroma.