Mzigo wa Kreni

Mume wa mama yenu mkubwa, binti yangu wa kwanza, alikuwa kuli bandarini. Wenzake walimpachika jina la Kreni, maana gunia lililowashinda wawili yeye alilibeba kichwani huku akipiga mluzi. Sifa zilimponza. Kreni ya chuma ikichoka hupakwa grisi. Mkwe wangu alipakwa maneno matamu tu.

Kuli hajitwiki wala hajitui. Mwenzake humtwika mzigo, na akifika humtua. Basi Kreni akirudi nyumbani, mikono mitupu, alikuwa akisimama kizingitini na kusema, "Nitue." Mkewe huinua mikono hewani, akashusha mzigo usiokuwepo.

"Tua, punda wangu."

Hapo ndipo aingie.

Siku hiyo ilikuwa mchana mweupe. Mama mkubwa alikuwa uani akifua maovaroli ya mabaharia, mgongo unamuuma, povu limemfika viwikoni. Akasikia mlangoni, "Nitue."

"Leo jitue mwenyewe," akajibu bila kugeuka. "Mimi nani kanitua?"

Alipoinua kichwa hakuona mtu.

Povu halijamkauka mikononi, nyapara akaingia, kofia ameishika. Nyapara aliyevua kofia haleti heri. Kreni alikuwa ameanguka ghalani na gunia lake kichwani. Wa kumtua alikuwa ameitwa upande wa pili. Akasimama kumngoja, akangoja, mpaka shingo ikakubali yaishe.

"Saa hizi?" mama mkubwa akauliza.

"Asubuhi, shemeji. Asubuhi na mapema."

Hakupiga yowe. Alirudi kusuuza maovaroli. Meli haingoji matanga.

Mwanawe, mwanaume mzima mwenye ndevu, akashika nafasi ya baba yake. Haukupita muda akaanza kurudi shingo imezama mabegani. Tukasema kazi ngeni hiyo, atazoea. Lakini hata siku ya mapumziko alikuwa hivyo hivyo. Hospitali wakampiga picha, wakasema mifupa mizima. Mizima! Na huku kitanda kinabonyea, mbao zinalia, kidevu kimegusa kifua hata kumeza chai ni shida.

"Mama," alinong'ona siku moja, "nimetwikwa kitu. Mbona hamkioni?"

Mama mkubwa alikuwa ameshazika mmoja. Alijua anamtazama wa pili.

Akaendelea kufua. Angefanya nini? Alasiri moja akiwa uani pale pale, mwanawe amelala ndani, akasikia.

"Nitue."

Mikono ikasimama ndani ya beseni.

"Nitue."

Haikuwa sauti ya mwanawe. Ilikuwa imechoka. Imechoka sana.

Akainuka. Magoti yakalia. Kizingiti kitupu. Jua tu, na nzi. Akainua mikono yake yenye povu.

"Tua," akanong'ona. "Tua, punda wangu. Sote tumechoka."

Kitu kikagusa viganja. Kigumu. Cha baridi. Kikalemea. Viwiko vikapinda. Hakukiachia. Akakishusha. Polepole. Mpaka chini.

Puu!

Sufuria zikaruka jikoni.

"Mama, umeangusha nini?"

Mwanawe alikuwa amesimama mlango wa chumbani. Shingo wima kama mlingoti.

"Sijaangusha," akasema. "Nimetua."

Mzigo wenyewe haukuonekana. Ila pale kizingitini, kwenye saruji iliyokauka kabla kijana huyo hajazaliwa, palikuwa na nyayo mbili zimedidimia kama kwenye tope. Mguu wa kulia hauna kidole gumba. Kasha lilikisaga cha Kreni zamani, akiwa bwana harusi mpya.

Fundi ameziba, zimerudi. Ameziba tena, zimerudi. Sasa tunaziruka tu tukipita.

Nyayo zenyewe zinaelekea ndani. Za kutoka tumezitafuta nyumba nzima, mpaka uvunguni. Hatujaziona.