Hema la Watu Wawili

Jumatatu mchana, Salama alipotoka uani kuanua nguo, alikuta hema limefungwa, na kishikio cha zipu kiko upande wa ndani.

Alisimama na kanga moja mkononi akitazama. Hema lile lilikuwa na kishikio kimoja tu. Ukilifunga ukiwa nje, kishikio kinabaki nje. Ukilifunga ukiwa ndani, kinabaki ndani pamoja nawe. Binti yake Husna alikuwa shuleni. Mumewe Yahaya alikuwa dukani kwake kando ya barabara kuu, akiuza misumari na mabati. Nyumbani hapakuwa na mtu mwingine.

Alivuta kitambaa kwa vidole mpaka zipu ikaachia kidogo, akachungulia. Hapakuwa na kitu ila godoro na blanketi. Akajiambia kwamba Husna ndiye aliyelifunga asubuhi. Hakujiuliza Husna alitokea wapi.

Hema lilinunuliwa Jumamosi gulioni. Mwalimu wa klabu ya mazingira alikuwa amewaandikia wanafunzi wa kidato cha tatu orodha ya vitu vya safari: hema, godoro jembamba, blanketi zito, koti la mvua, viatu visivyoteleza, tochi, chupa ya maji. Ijumaa wangepanda milima ya Upare hadi msitu wa Chome, walale huko siku mbili, waende mpaka kilele cha Shengena. Kwa watu wa Same mjini, waliozoea vumbi na upepo wa moto chini ya milima hiyo, baridi ya Chome ni kitu cha kusimuliwa tu.

Yahaya na Husna walizunguka kwenye mitumba tangu asubuhi. Viatu walivipata mapema, Yahaya akavibonyeza mbele kwa kidole gumba kuona kama vidole vya binti yake vina nafasi. Hema liliwachelewesha. Husna aliinua moja baada ya jingine kwenye jua kutafuta matundu, akakunja fito zake kuona kama zitavunjika, mpaka akaridhika na la kijani.

"Hili ni la watu wawili," muuzaji alisema.

"Wawili wa wapi?" Yahaya akauliza. "Wazungu au Wapare?"

"Wapare wanaingia watatu, mzee wangu, na mbuzi wao."

Husna alicheka mpaka akaziba mdomo kwa mtandio. Hakuwa amecheka mbele za watu tangu kaka yake Ibrahimu alipofariki, mwaka uliotangulia, kwa homa ya siku nne. Ibrahimu alikuwa na miaka ishirini. Yahaya alilinunua hema kwa ajili ya kicheko kile.

Walilisimamisha uani, kati ya tangi la maji na jiko la nje, ili litoke harufu ya belo la mitumba. Yahaya alisema likae hivyo mpaka Alhamisi, lipate jua la kutosha. Miaka tisa nyuma, walipohamia katika nyumba yao ya matofali, hawakuingiza hata kitanda kabla ya kusomewa dua na kunyunyiza maji kwenye pembe zote nne, kwa sababu kila mtu aliyelelewa katika dini anajua kwamba nyumba tupu haikai tupu. Lakini hema walilinunua gulioni. Nani anasomea hema?

Jumapili, Salama alitafuta blanketi zito. Nguo za Ibrahimu zilitolewa sadaka baada ya matanga, lakini blanketi lake Salama alilibakiza chini ya sanduku. Sasa alilitoa. Alilitandika juu ya godoro jembamba ndani ya hema aone kama linaenea, na akakaa humo kitambo kirefu peke yake, akilipapasa. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu. Husna aliona.

Jumanne blanketi lilikuwa na joto. Salama alitia mkono akakuta limebonyea katikati, urefu wa mtu mzima, na harufu ya belo imekwisha. Badala yake palinuka karafumaiti, ile waliyomtilia mwanawe walipomwosha. Harufu ilikuwa mpya, kama ya chombo kilichofunguliwa muda huo huo. Kuku waliokuwa wakipekua uani siku zote walipita mbali, wakiuzunguka mduara ambao Salama hakuuona.

Jumatano, saa saba mchana, wakati upepo umekufa na mabati ya jikoni yanalia kwa jua, Salama alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua choroko. Ndani ya hema mtu alikohoa.

Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Mama."

Alipaswa kusoma. Alijua cha kusoma, alikuwa amewafundisha watoto wake wote wawili kabla hawajaweza kuandika majina yao. Badala yake midomo yake ilijibu yenyewe, kwa sauti ndogo.

"Naam, baba."

"Umechoka, mama."

"Sijachoka."

"Unadanganya. Goti lako linauma."

Ni kweli lilikuwa linauma. Salama alilia kimya, ungo mapajani, na ile sauti ikaendelea kumwuliza mambo madogo madogo, kama duka linakwenda vizuri, kama mwembe wa jirani umezaa mwaka huu. Alijibu yote. Hakusogea kulitazama hema kwa ndani, maana moyoni alijua kwamba akitazama hataona mtu, na hakutaka kujua zaidi ya hapo.

Ilipokaribia alasiri sauti ikauliza, "Husna atakuja lini kulala?"

"Kulala wapi?"

"Humu. Pana nafasi ya wawili. Namsubiri yeye tu, tuondoke wote kwenda juu."

Salama aliinuka, choroko zikamwagika chini. Aliingia ndani ya nyumba akafunga mlango, akakaa kwenye mkeka wa kuswalia bila kuswali. Mumewe aliporudi hakumwambia. Ndivyo alivyofanya, na baadaye hakujisamehe kwa urahisi: alikuwa na usiku mzima wa kusema, na alinyamaza kwa sababu alitaka kuisikia sauti ile mara moja tu tena.

Alhamisi Husna alirudi mapema kufunga mizigo. Alikaa mlangoni mwa hema na begi lake la mgongoni, na Salama, aliyekuwa jikoni, alidhani anapanga vitu. Alipotoka aliona kwamba anavitoa. Pembeni yake mchangani palikuwa na tochi, kiberiti, koti la mvua, viatu vilivyochaguliwa kwa kidole gumba, na kitabu kidogo cha Yasini ambacho baba yake alikitia mwenyewe kwenye mfuko wa mbele.

"Husna. Unafanya nini?"

"Napunguza, mama. Vizito."

"Utatembeaje bila viatu?"

"Huko sitavihitaji." Alisema kwa upole, bila kuinua uso. "Nimeambiwa nichukue blanketi tu."

"Nani kakuambia?"

Husna alimtazama mama yake kama mtu anayeulizwa jina la baba yake. "Kaka, nani mwingine? Yumo humu. Mama, kwani wewe hukuongea naye jana?"

Salama alimshika binti yake mkono amwondoe pale, na mkono ulikuwa baridi namna ambayo hakuna kitu kinachokuwa baridi Same saa tisa ya mchana, na viganja vyake vilinuka karafumaiti. Alimvuta mpaka jikoni, akampigia simu Yahaya, na kwa mara ya kwanza akasema kila kitu, kwa kunong'ona, akiligeuzia hema mgongo.

Yahaya alifika na Ustadhi Hamisi, mwalimu wa madrasa ambaye ndiye aliyewasomea nyumba yao miaka tisa nyuma. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kifua kibovu, anayepumzika kila baada ya hatua chache. Hakulikaribia hema. Alisimama penye tangi la maji, akanusa.

"Tulichome, Ustadhi," Yahaya alisema chini chini. "Mafuta ya taa yapo."

"Ukichoma nyumba na mwenyeji yumo, atahamia. Na umeshaona anamtaka nani." Akamgeukia Salama. "Binti yangu, huyu hakuvunja mlango. Nyumba ilisimamishwa, hakuna aliyeisomea, kitanda kikatandikwa, na mwenye kulala hakuwepo. Lakini hayo peke yake yasingempa ujasiri huu. Kuna mtu alimkaribisha kwa mdomo wake."

Lori lilipita barabarani, likapotea.

"Ni mimi," Salama alisema. "Jumapili. Nilitandika blanketi, nikasema, baba, hapa ni pako, njoo upumzike."

Yahaya alifunga macho.

"Ulisema na maumivu," Ustadhi alisema. "Mtoto wako hakukusikia. Yuko kwa Mola wake, hana haja na hema. Aliyesikia ni mwingine, mpita njia, aliyekuwa anatafuta pa kukaa. Mimi nitasoma, na nikisoma ataumia. Lakini kutoka, mpaka yule aliyemkaribisha amtoe mwenyewe."

Alianza kusoma, na sauti yake mbovu ikapata nguvu ambayo haikutoka kifuani mwake. Aliposoma Ayatul Kursi mara ya tatu kitambaa cha hema kilianza kuvuta ndani na kutoka nje, ndani na nje, taratibu kama mbavu za mtu aliyelala, ingawa hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani, na harufu ya karafumaiti ikajaa uani mpaka Yahaya akaziba pua kwa kola ya shati, na zipu, ambayo hakuna aliyeigusa, ikaanza kushuka jino baada ya jino, ikifungua upande mmoja wa mlango ambao nyuma yake palikuwa na giza, giza la kweli, ilhali jua lilikuwa bado juu ya milima na lilipenya kitambaa kile chepesi pande zote nyingine.

"Mama," sauti ilisema. "Wanataka kunitoa nje."

Yahaya, aliyekuwa hajaisikia sauti ile tangu siku ya nne ya homa, aliinama akashika ukingo wa tangi kwa mikono yote miwili.

"Mwambie," Ustadhi alisema.

"Mama, ukinitoa natoka na sauti hii. Hii ndiyo niliyovaa kuingilia, na ndiyo nitakayovaa kutokea. Hutaisikia tena hata ndotoni. Utamkumbuka uso, utakumbuka mikono, lakini kila akifungua mdomo hapatatoka kitu. Niache, mama. Nipe Husna tulale tu, na mchana nitakuwa naongea nawe kama jana."

Salama aligeuka kumtazama binti yake. Husna alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, begi tupu mgongoni, macho yameelekea kwenye lile giza, na midomo yake ilikuwa ikitamka kila neno ambalo sauti ilikuwa inalitamka, neno kwa neno, bila kuchelewa.

Hapo Salama alitembea mpaka mbele ya hema. Goti lilimwuma. Alisema bismillahi, akasema tena, kwa sababu ya kwanza haikutoka.

"Wewe si mwanangu," alisema. "Mwanangu nilimpa maji kwa kijiko mpaka pumzi ya mwisho. Tulimswalia, tukamzika, na nimemkabidhi kwa aliyenipa. Mimi ndiye niliyekuita, kwa ujinga na huzuni. Maneno yangu nayarudisha. Hapa si pako. Toka kwa jina la Mwenyezi Mungu, nenda na ulichonacho."

Kilichokuwa ndani kilimwita mara moja zaidi, na yeye alisikiliza, akiishika sauti kwa nguvu zake zote. Kisha ilikatika katikati ya neno. Fito za hema zilivunjika zote kwa pamoja, kitambaa kikalala chini, na kitu kikapita karibu yake, baridi, kikaelekea upande wa nyika. Husna alianza kukohoa na kulia. Baba yake alimkumbatia.

Hema na blanketi walivichoma jioni ile, baada ya magharibi, Ustadhi akisoma. Husna aliomba mwenyewe kwenda safari, akalala katika hema la shule na wasichana wengine watatu, na Yahaya akalisomea lile hema la watu kabla basi halijaondoka, mbele ya walimu, bila haya. Husna alirudi Jumapili na matope mpaka magotini, midomo imepasuka kwa baridi, akisimulia kuhusu ukungu bila kupumua. Salama alimsikiliza na kumshukuru Mungu.

Lakini ahadi ya yule kiumbe ilitimia. Alipomkumbuka Ibrahimu alimwona akicheka, alimwona akiita kutoka barabarani, na palikuwa kimya. Alimwuliza Yahaya. Yahaya alitikisa kichwa. Yeye pia.

Wiki mbili baadaye Tausi, mama anayewaletea maziwa kutoka kijiji cha Kisiwani, alikaa jikoni kupumzika.

"Kwetu wachungaji hawapeleki tena ng'ombe upande wa nyika mchana," alisema. "Kuna kijana anaita huko. Haonekani. Anaita mama yake."

Salama alikuwa anamimina maziwa sufuriani. Alimaliza, akaweka dumu chini.

"Wewe umemsikia?"

"Juzi. Nilikimbia, mwenzangu."

"Sauti yake ikoje?"

"Ya nini kuuliza hayo?"

"Niambie tu, Tausi. Taratibu."

Tausi alimtazama, akafikiri. "Nzito kidogo ikianza. Halafu mwishoni inapanda, kama ya mtu anayetaka kukutania. Sauti nzuri. Ndiyo maana inatisha."

Kutoka Same mpaka Kisiwani ni safari ya asubuhi moja tu. Salama alisimama mlangoni mwa jiko, akashika fremu kwa mikono miwili, asije akaondoka kuelekea nyika. Maziwa yalichemka, yakapanda, yakamwagika motoni, na Tausi akamwita, na Husna akatoka chumbani akamwita, na yeye hakuiachia ile fremu.