Hina ya Dada Nyigu

Jua likizama Itetemia, kando ya mji wa Tabora, nyumbani kwa akina Levina kila mtu anajua kazi yake. Mama anasonga ugali, Levina anatandika mkeka, na dada yake Pelagia, mwanafunzi wa chuo cha ualimu pale mjini, analeta maji ya kunawa. Sinia ni moja. Katikati unafuka ugali, pembeni kuna bakuli la nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa juani na kuungwa kwa karanga mpaka yananata vidoleni. Ukionja nsansa ya mama yule hutauliza nyama iko wapi.

Sinia lile lilikuwa na sheria yake: usimtazame mwenzako mkono. Mtu akimega tonge, macho yako yabaki kwenye tonge lako. Kumtazama ni kama kumhesabia, na kumhesabia mtu chakula ni aibu. Mama alilelewa hivyo kwao Sikonge, naye akawalea wanawe vivyo hivyo.

Shida ni kwamba macho ya Levina hayakujua sheria. Alikuwa darasa la sita, na kila kitu alitaka kukijua kilivyo. Kwa nini mkia wa mjusi uliokatika unaendelea kucheza? Kwa nini kijiko cha chuma kinaunguza na mwiko hauunguzi? Mwalimu wake alimpenda kwa hilo, na wakati mwingine alichoka naye kwa hilo hilo.

Jioni moja macho hayo yakatua kwenye mkono wa Pelagia. Mkono ulimega tonge, ukalifinyanga, ukalichovya kwenye nsansa, ukapanda mpaka karibu na mdomo. Kisha ukashuka. Tonge lilikuwa lile lile! Baadaye likateremka polepole pembeni ya mkeka, alipokuwa amelala mbwa wao, Simba, ambaye siku hizo alikuwa amenenepa ajabu.

"Dada, mbona..."

"Levina!" Mama alimkatiza. "Unamtazama nani mkono?"

Levina akainamisha kichwa. Sheria ni sheria. Lakini usingizi ulichelewa kumjia, maana swali lilikuwa linamkereketa.

Kesho yake alimbana dada yake nyuma ya nyumba. "Unampa Simba chakula chako. Kwa nini?"

Pelagia alitazama huku na huku, kisha akatoa simu. Kwenye kioo alitokea mwanamke aliyevaa nguo ya kubana, kiuno chembamba, tabasamu kama lote. Alijiita Dada Nyigu, na wafuasi wake mtandaoni walikuwa wengi kuliko watu wa Tabora nzima.

"Mambo vipi warembo wangu!" alisema yule mwanamke. "Miezi mitatu tu ya chai yangu, bila ugali, bila wali, nione tumbo lako litakimbilia wapi!" Zikatokea picha mbili. Ya kwanza iliandikwa "kabla," na tumbo lilikuwa limetuna. Ya pili iliandikwa "baada," na tumbo halikuwepo.

"Darasani kwetu wasichana karibu wote wanakunywa," Pelagia alinong'ona. "Mimi wananiita Pipa. Unajua inavyouma kuitwa Pipa mbele ya watu? Mahafali yanakuja, Levina. Sitaki kupanda jukwaani watu wakicheka."

Kwa Levina dada yake alikuwa mzuri tangu zamani, na mgongo wake ulikuwa mpana wa kutosha kumbeba mtu aliyejichoma mwiba shambani. Alimhurumia sana.

"Usimwambie Mama," Pelagia alisema. "Ukinyamaza, kila jioni nitakupa simu uangalie utakacho."

Kwa mtoto mwenye maswali, simu ni hazina. Levina akakubali upesi, na tangu siku hiyo akawa mtu wa siri.

Alianza kwa kumchunguza Dada Nyigu mwenyewe. Alimtazama uso, akachoka. Alimtazama kiuno, akachoka. Halafu, kwa ile tabia yake iliyomponza mara nyingi, akamtazama mikono. Kwenye picha ya kabla, mikono ilikuwa na hina: ua kubwa nyuma ya kiganja, na petali moja limevurugika, kana kwamba mtu aligusa kitu kabla hina haijakauka. Akaitazama picha ya baada. Ua lile lile. Petali lile lile, limevurugika vile vile.

"Ahaa," Levina alisema peke yake.

Jioni alipotumwa chumvi, alipita dukani kwa Bi Nurjahan, ambaye huuza chumvi, sabuni na viberiti, na msimu wa harusi huwapaka maharusi hina uani kwake. Hakuna ajuaye hina Tabora kumzidi.

"Shikamoo, Bi Nurjahan."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Samahani, Bi. Hina ikipakwa leo, inakaa mpaka lini?"

Bi Nurjahan alicheka. "Unaolewa wewe? Wiki mbili. Ukiibembeleza sana, ukikwepa kuosha vyombo, labda ya tatu. Baada ya hapo imepauka, imekwisha."

"Haiwezi kukaa miezi mitatu?"

"Hiyo si hina tena, hiyo ni chale!"

"Na mtu akipaka upya ua lile lile, linaweza kuvurugika tena mahali pale pale?"

Bi Nurjahan alimtazama juu ya miwani. "Mimi ninayepaka kila siku siwezi kurudia kosa langu likafanana hivyo. Wewe mtoto una nini leo?"

Levina alirudi nyumbani mbiombio, chumvi ikinusurika kumwagika. Picha zile zilipigwa siku moja! Mtu alitunisha tumbo, akapigwa picha, akabana tumbo, akapigwa nyingine. Miezi mitatu ilikuwa maneno matupu.

Alidhani Pelagia angefurahi. Wapi! Pelagia alizitazama picha zote mbili kwa muda mrefu, kisha akaipokonya simu.

"Utoto huo! Wote wale wanaomfuata ni wajinga, wewe peke yako ndiye mwenye akili? Na ukithubutu kumwambia Mama, simu hii hutaiona tena."

Levina akanywea. Alitaka kusema na Mama jioni ile, akamwona Mama amechoka na jembe. Akaahirisha. Kesho yake akaahirisha tena, na simu aliendelea kupewa. Macho ya Pelagia yalizidi kuingia ndani, na kila saa alikuwa njiani kwenda chooni, maana chai ile ilimharisha. Levina aliyaona yote hayo, akanyamaza.

Jumamosi walitumwa mashine kusaga mahindi. Pelagia aliendesha baiskeli, Levina akakaa kwenye keria na kiroba cha mahindi mapajani. Jua lilikuwa kali. Njiani Levina aliona usukani unayumba.

"Dada?"

"Naona giza," Pelagia alisema kwa sauti ndogo.

Wakaanguka. Mahindi yalimwagika barabarani, goti la Levina likachunika, lakini aliyemtia hofu ni Pelagia, aliyelala chali bila kuitika. "Dada! Dada Pelagia!" Levina alilia. Mwenye bajaji mmoja alisimama, akawapakia wote wawili, akawakimbiza hospitali kule Kitete. Jirani aliyewaona alikwenda mbio shambani kumwita Mama.

Mama alifika na udongo miguuni, kanga imefungwa ovyo. Pelagia alikuwa ameshafumbua macho, dripu mkononi. Daktari Masolwa, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, alishika majibu ya vipimo.

"Malaria hana. Ila sukari ya mwilini imeshuka sana, na maji yamempungukia. Je, anakula?"

"Anakula, Daktari!" Mama alijibu. "Tena sinia moja na mimi. Jana jioni tumekula pamoja."

"Binti, ni kweli?"

"Nakula," Pelagia alisema, macho yakiwa ukutani.

Daktari alikunja uso. "Kama anakula vizuri na hali ni hii, basi kuna ugonjwa mkubwa umejificha. Itabidi tuutafute kwa vipimo vingine. Huenda tukampa rufaa aende Mwanza."

Mama akajishika kichwa. Alianza kusema Kinyamwezi, na Mama akianza kusema Kinyamwezi mbele ya wageni ujue moyo umepasuka. Levina aliyaona machozi yakimdondoka juu ya kanga. Akisema, dada yake atamchukia na simu kwaheri. Asiposema, watatafuta ugonjwa usiokuwepo, na dada yake ataendelea kukonda mpaka...

"Hali!" alipaza sauti. Wote wakageuka. "Dada hali, Mama. Anamega, halafu anampa Simba. Anakunywa chai ya kupunguza tumbo ya Dada Nyigu. Mimi namtazamaga mkono. Nimejua siku nyingi, nikanyamaza kwa sababu ya simu."

Pelagia alifunika uso kwa shuka, mabega yakaanza kutikisika. "Ni kweli, Mama," alisema akilia. "Nisamehe."

Daktari Masolwa alivuta kiti. Hakugomba. Aliuliza chai hiyo ina nini. Pelagia alisema pakiti haikuandikwa chochote.

"Chai ya namna hii mara nyingi ni dawa ya kuharisha," alisema Daktari. "Unaharisha, mzani unashuka, unafurahi. Kumbe kilichotoka ni maji na chumvi za mwili, wala si mafuta. Ukinywa maji, uzito unarudi. Usipoyarudisha, moyo wenyewe unaweza kukosa mapigo yake. Ukitaka kupunguza uzito, njoo tupime kwanza kama unahitaji. Na kwa ninavyokuona, mwanangu, huhitaji."

Levina akaomba simu, akaonyesha zile picha mbili na lile petali. Daktari alizitazama, akaangua kicheko mpaka muuguzi akachungulia. Pelagia naye alizitazama tena. Safari hii hakuipokonya simu.

"Na mimi niliona siku ile ile uliponionyesha," alimwambia mdogo wake polepole. "Sikutaka tu kuamini."

Siku alipopata nguvu ya kurudi chuoni, Pelagia alizipeleka picha zile kwenye bweni la wenzake wanaolala chuoni, akawaonyesha ua la hina na kuwasimulia dripu ya Kitete. Wengine walibisha. Wengine walikwenda kimyakimya kumwaga chai zao. Aliyezoea kumwita Pipa alikuja kumwomba radhi, naye akakiri kwamba juzi yake alikuwa amezirai bafuni, akaona haya kusema.

Jioni hiyo sinia likawekwa tena mkekani. Levina, kwa adabu zote, alikaza macho kwenye tonge lake.

"Levina," Mama aliita. "Inua macho."

"Lakini Mama, sheria..."

"Sheria ile ni ya kuzuia choyo. Mimi nilikaa na mwanangu sinia moja nisimwone anavyokwisha, kwa sababu ya sheria yangu. Macho yako hayana kosa. Kosa lako ni kuona mwenzio anaangamia ukauza ukimya wako kwa simu. Ukiona, sema. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama. Nisamehe."

"Na wewe, Pelagia. Baba yangu alifuga nyuki maisha yake yote kule Sikonge. Nyigu ana kiuno kizuri, lakini kiota chake Baba hakuwahi kukirina hata siku moja, maana ndani hamna asali. Kula, mwanangu."

Pelagia alimega tonge, akalichovya kwenye nsansa, akalitia mdomoni na kulitafuna. Mama alimtazama mkono, Levina akautazama, na Simba naye, pembeni ya mkeka, akautazama kwa masikitiko makubwa.