Taa ya Chini ya Lori

Haya yalimpata rafiki yangu, mhasibu ambaye kila Jumamosi hukarabati lori la jeshi la enzi za vita. Nyuma, chini ya bodi, lori hilo lina taa ndogo iliyofichwa. Katika msafara wa gizani, dereva wa lori la nyuma aliongozwa na taa hiyo tu.

Mchana mmoja alifunga mlango wa gereji ili aijaribu gizani. Injini ilikuwa ingali mezani, imefunguliwa vipande vipande. Mkewe alisimama nyuma ya lori, ukuta ukiwa mgongoni mwake, naye rafiki yangu akaketi kwenye usukani na kubonyeza swichi.

“Imewaka?”

“Imewaka, fundi wa Jumamosi. Sasa zima injini, masikio yananiuma.”

“Injini gani, mama? Si hiyo hapo mezani?”

Wote wakatega sikio. Muungurumo ulitoka ukutani, na ulikuwa ukikaribia. Kwa hofu, rafiki yangu akaizima taa. Gizani muungurumo ukazidi kasi.

“Washa, baba, washa! Dereva wake hajatuona!”

Akaiwasha. Breki zikalia kwa nguvu, kisha kukawa kimya.

Aliposhuka na kumkumbatia mkewe, kiganja chake kiligusa mgongo wa gauni. Palikuwa na mistari ya vumbi iliyosimama wima, kama vyuma vya mbele ya lori, nayo ilikuwa ingali na joto.