Aliyetangulia Kubisha

Mara ya kwanza Steinunn alipoitwa gizani, aliitika. Nani asingeitika? Nusu ya mji wa Reykjavik na zaidi ilikuwa kitandani kwa ile homa iliyokuja na meli, na yeye ndiye aliyebeba kikapu cha dawa. Sauti ilitoka nyuma ya ghala la samaki, nyembamba, kama ya mgonjwa anayeita kutoka dirishani.

“Steinunn!”

“Naam! Niko hapa. Nani mwenzangu?”

Alizunguka ghala na taa yake, akakuta mapipa matupu na majivu. Alipotaka kuita tena, koo lilimkwaruza na sauti ikatoka nusu. Akajiambia ni masalia ya homa, akaendelea na safari yake.

Mwezi wa Novemba jua la huko huzama watu hawajamaliza kahawa ya alasiri. Mwaka ule giza lilizidi, kwa kuwa mlima Katla ulikuwa umelipuka mwezi uliotangulia na upepo ulikuwa bado unayazungusha majivu yake. Taa za barabarani hazikuwashwa, maana wawashaji nao walikuwa hoi. Wachache waliokwisha kupona, kama Steinunn, ndio waliotumwa nyumba kwa nyumba na vichupa vya kafuri, matone ya kuutia nguvu moyo unaotaka kusimama. Klemens wa duka la dawa aliyachanganya kutwa kucha, macho mekundu, lakini mdomo wake haukupumzika.

“Hiki kichupa cha mwisho ni cha dada yako Oddny,” alikuwa amemwambia wakati anatoka. “Daktari kasema asipoyapata leo, moyo wake hautaiona asubuhi. Sasa usiende kupiga soga kwa watu.”

“Soga na nani? Wote wanakohoa.”

“Wewe? Wewe utapiga soga hata na kitasa.”

Kweli Steinunn alikuwa msemaji. Sauti yake ilikuwa kubwa na ya kuchangamsha, na kwenye uwanja wa kuanikia samaki wa chumvi ilisikika kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Oddny alipenda kusema kwamba mama yao alikufa mapema, na yeye akalelewa na bibi pamoja na sauti ya dada yake.

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya Ketill, fundi viatu. Alifungua mlango kiasi cha kupitisha pua.

“Mbona umerudi?”

“Nimerudi? Ndiyo kwanza nafika.”

“Acha mzaha, binti. Umetoka hapa sasa hivi. Umebisha, ukasema ni wewe, umeleta dawa. Mke wangu ndiye aliyekufungulia, mimi nilikuwa nalisha jiko. Tena ulikuwa mchangamfu kuliko sasa. Una nini, mbona sauti imekukauka?”

Steinunn alinusa. Kutoka mlangoni ilikuwa inakuja harufu ya kiberiti, harufu ya yai viza, na kwenye harufu hiyo hapakuwa na kafuri hata kidogo. Aliomba kuiona dawa yenyewe. Ketill akaleta kikombe ambacho chini yake palikuwa na maji meusi, na majivu yamejikusanya kama mashapo ya kahawa.

“Amekunywa?”

“Kakunywa chote. Na dawa imemfaa, maana amelala. Tangu Jumapili hajalala hivi, hata kukohoa hakohoi.”

Alimtazama mama wa watu juu ya bega la mumewe. Alikuwa amelala chali, mdomo wazi, na blanketi kifuani halipandi wala halishuki. Steinunn alitaka kumwambia Ketill, akakosa namna ya kuanza.

“Alisema anakwenda wapi?” akanong'ona.

“Nani, wewe?” Ketill akamkazia macho, na taratibu uso wake ukaanza kubadilika. “Ulisema... ulisema umebakiza kwa dada yako tu.”

Akageuka haraka kumtazama mkewe. Steinunn akamsikia akiita jina la mkewe, kisha akiita tena kwa sauti nyingine kabisa, naye akatoka mbio.

Oddny aliishi na mwanawe mchanga na Bibi Vigdis huko magharibi, mji unapokwisha, katika nyumba ya kale ya udongo ambayo paa lake lilikuwa limeota nyasi mpaka chini na dirisha lake pekee lilikuwa juu, pale paani. Mume wa Oddny alikuwa baharini. Bibi aliikataa nyumba ya mabati aliyotafutiwa, kama alivyokataa mambo mengi ya mjini. Tangu wajukuu wake wakiwa wadogo aliwaonya: giza likishaingia, mtu mwema habishi mlango. Hupanda dirishani akasema, “Mungu awe humu,” na kilichokuja kisichokuwa mtu hakiwezi kuyatamka maneno hayo. Watu wa mjini waliucheka ushamba huo, na Steinunn, kwa kuona haya, siku zote hizi alikuwa akibisha milango kama wenzake.

“Steinunn!”

Safari hii aliitwa kutoka mbele, karibu, kwa unyonge wa mtu anayekata roho, na kabla hajajikataza kinywa kilikuwa kimeshaitika naam. Neno lilimtoka na halikurudi. Akafungua mdomo, akasukuma pumzi, akajaribu hata kupiga kelele, ikatoka hewa tupu. Na kule mbele gizani, kwenye njia ya kwenda kwa Oddny, akaisikia sauti yake mwenyewe, nzima na changamfu, ikikohoa kidogo kusafisha koo kama alivyozoea kufanya yeye.

Akakimbia. Alikimbia na taa ikazimwa na upepo asijali, akipita milango iliyofungwa na madirisha ambayo nyuma yake watu walikohoa bila kuamka, kikapu amekikumbatia kifuani kwa mikono miwili kusudi kichupa kisipasuke, majivu yakimwingia machoni na puani, huku mbele yake, daima mbele, hata akazane vipi, sauti yake ikienda ikijizoeza maneno kama mtu anayejaribu nguo mpya, fungueni, ni mimi, Oddny mpenzi ni mimi, dada yako, nimeleta dawa, na kila aliposikia jina la mdogo wake likitajwa kwa upole ule ambao yeye mwenyewe alikuwa akiutumia kumbembeleza tangu utotoni, aliogopa kuliko alivyopata kuogopa maishani mwake.

Alipofika, mlango ulikuwa ungali umefungwa. Mbele yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu ya kiberiti tu, na kutoka mahali palipokuwa patupu sauti ilikuwa inabembeleza.

“Oddny, nafungiwa nje na baridi hii?”

Ndani akamsikia mdogo wake, kwa pumzi za kukatika. “Bibi, ni Steinunn. Mfungulie.”

“Rudi kitandani,” Bibi Vigdis alisema kwa sauti ya chini. “Hajasema.”

“Ni yeye! Mimi nisiijue sauti ya dada yangu?”

“Basi na aseme. Wewe uliye nje! Sema kama nilivyokufundisha.”

“Bibi, nimeganda,” ikajibu sauti, na ikacheka kidogo, kicheko chake hasa. “Mambo ya kizee hayo. Nifungulie nimpe Oddny wetu dawa.”

Steinunn alisimama pale. Akibisha, atakuwa mbisha hodi mwingine asiye na neno. Akisubiri, Oddny atafungua, maana alikuwa anasikia miguu yake ikiburuzwa kuelekea mlangoni, na mkono ukipapasa komeo. Machozi yakamtoka. Kisha akajua. Kile kitu kilikuwa na sauti, lakini uso hakikuwa nao.

Akalivamia paa kwa kucha. Nyasi zilikuwa zimeganda, akateleza, akapanda tena, kikapu kikining'inia menoni. Akafika dirishani, akaparua theluji na majivu kwa viganja, akakigonga kioo kwa paji la uso. Chini, Bibi Vigdis aliinua taa. Steinunn akauweka uso wake penye mwanga, machozi, makamasi na yote, akaanza kusema bila sauti, polepole, midomo ikigusa kioo baridi. *Mungu awe humu. Mungu awe humu.*

Mlangoni sauti yake ilikuwa bado inaongea. “Oddny, vuta komeo tu, mpenzi.”

Bibi alitazama juu, akasikiliza mlangoni, akatazama juu tena. Akamshika Oddny kiunoni akamburuza kutoka mlangoni kwa nguvu ambazo hakuna aliyedhani kikongwe yule anazo, akamfikisha chini ya dirisha.

“Mungu akubariki, mjukuu wangu,” akaitikia. “Vunja uingie.”

Steinunn alipokivunja kioo, kile cha nje kilinyamaza. Halafu kikalia. Kililia kwa sauti yake, kilio ambacho yeye mwenyewe hajawahi kulia, kikaizunguka nyumba na kwenda zake upande wa mashariki, uliko Katla. Akashuka ndani, akamtia mdogo wake matone mdomoni, na chumba chote kikanukia kafuri.

Oddny alipona. Mke wa Ketill alizikwa na wengine wengi kwenye kaburi refu. Homa ikaondoka, watoto wakarudi shule, ila Steinunn hakusema tena hata neno moja. Klemens alimchungulia kooni kwa kijiko na taa, akasema koo ni zima, halina kasoro. Tangu hapo akaacha kumtania.

Bibi Vigdis amekwisha kufa. Dada hao wawili wanaishi pamoja, na Novemba upepo ukigeuka wa mashariki hawawashi taa mapema. Sauti huja. Huanzia kwenye maghala, ikapita mlango kwa mlango, na haijazeeka hata kidogo. Watu wa mtaa huwanyamazisha watoto wao mpaka ipite.

Mwaka huu Steinunn alisinzia kwenye kiti, akashtuka kumwona Oddny amesimama gizani, shavu kalilaza mlangoni, na mkono uko kwenye komeo. Alikuwa analia.

“Sifungui,” Oddny alinong'ona. “Nataka kuisikia kwa karibu tu. Nimekukumbuka mno.”

Steinunn akaushika mkono ule, akaubana kwa nguvu zake zote. Upande wa pili wa ubao, sauti yake ikakohoa kidogo kusafisha koo.

“Mu...” ikasema. Ikanyamaza, ikajaribu tena, kwa subira. “Mungu a...”