Mteja Asiyeuliza Bei

Bénédicte alikuwa amekwisha kukataa kamera tatu, na ilikuwa saa nne tu ya asubuhi. Soko kuu la Bunia lilikuwa limefurika. Jenereta zilinguruma mbele ya kila duka na vumbi liliingia hata ndani ya chupa za soda. Alisimama mbele ya kibanda cha Kule, kijana wa Butembo aliyeuza simu na kamera za mtumba, akiwa amevaa kitenge cha kijani kilichomkaa vizuri kiunoni na kitambaa cha rangi hiyo hiyo kichwani. Alikuwa mzuri wa kumsahaulisha muuzaji kazi yake. Lakini kila baada ya dakika moja aligeuka kutazama nyuma, na Kule, badala ya kujiuliza anatazama nini, aliitazama shingo yake tu.

"Hii iko na zoom mingi," Kule alisema. "Unapiga foto ya mutu iko Nyankunde, na weye uko hapa."

"Mi sipigi watu. Napiga sufuria."

"Sufuria?"

"Sufuria, termosi, birika. Nauzisha kwa WhatsApp. Simu yangu inazitoa nyeusi, watu wanasema ni za zamani."

Hapo Kule aliacha maneno ya kibiashara, kwa sababu kazi yake aliijua na aliipenda. Aliirudisha ile kamera kabatini, akatoa nyingine ndogo ya kijivu, iliyochubuka pembe moja.

"Basi usiangalie zoom. Na mutu asikudanganye na megapixel. Kitu ya kuuzisha inakaa mbele yako, haikimbie. Weye unataka lensi inaweza kukaribia, na inavumilia mwanga kidogo. Njo hii."

Alipiga picha ya kufuli la kabati, akamwonyesha. Hata mikwaruzo ya funguo ilionekana. Bénédicte aliigeuzageuza kamera mikononi.

"Inalia?"

"Inalia namna gani?"

"Ikipiga. Ile klak. Na ule mwanga. Nataka ya kunyamaza."

"Sufuria zitaogopa?"

Hakucheka. Kule akazima sauti, akazima flashi, akapiga picha ya mkono wake bila mlio wowote.

"Sasa iko bubu. Soixante dollars, mama, sitini."

"Quarante, arobaini."

"Quarante ni ya sanduku yake tu."

Walivutana mpaka hamsini, wote wawili wakifurahi, maana Bunia kununua bila kuvutana ni sawa na kumpita jirani bila kumsalimu. Kule alipokuwa akiifunga alimpa na somo la bure.

"Ujue kitu moja. Sufuria ya inox, hii chuma ya kung'aa, inaona. Kila kitu iko mbele yake inaingia ndani ya tumbo yake. Ufungue dirisha upate mwanga, kiisha mutu akushikie shuka nyeupe, ili ione weupe tu. Naweza kuja kukushikia."

"Hapana. Kwangu mutu haingie."

"Hata fundi?"

"Hata pasta," alisema Bénédicte, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. Tabasamu hilo lilimkosesha Kule usingizi siku tatu.

Simu zikaanza.

"Allô, mama wa sufuria."

"Allô, bwana wa kamera mbovu."

"Mbovu? Nimeona ile birika. Imetoka nzuri kuliko sura yangu."

"Kushinda sura yako si kazi ngumu, chéri."

Chéri, mpenzi. Kule alilisikia neno hilo likishuka mpaka miguuni. Ili asionekane ameshikwa, alirudi haraka kwenye kazi. "Lakini foto zako zinafika zimekamuliwa. Simu inazibana. Uzitume kama document, nzima nzima, muteja avute karibu aone hata alama ya kiwanda."

Alimwambia hivyo kwa mapenzi, na kwa majivuno kidogo. Afadhali angenyamaza.

Biashara ya Bénédicte ilichangamka. Kundi lake la WhatsApp lilifika watu mia tatu, wengine Mambasa, wengine hata Mahagi. Bénédicte hakuwa na duka wala kibao. Mteja alitaja mtaa wake, naye akampelekea kwa pikipiki. Jumapili baada ya misa alikutana na Kule, yeye na gauni la maua, Kule na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kola ikasimama. Walikula samaki, wakachekana. Kule alimpenda hadi akaanza kuulizia bei ya mbuzi wa mahari. Lakini kila alipomsindikiza, Bénédicte alimsimamisha kwenye kona ya kwanza ya Shari, mtaa alikokaa.

"Ishia hapa."

"Miezi mbili naishia hapa. Nyumba yako iko na nini?"

"Iko na mi. Kwenda, mupenzi, mvua inakuja."

Hakuwahi kumwambia zaidi. Mwenyewe alitembea upesi bila kugeuka, na Kule alibaki pale akijisikia mjinga.

Alhamisi moja, saa mbili na nusu asubuhi, kabla wateja hawajaja, Kule alifungua kundi la Bénédicte kutazama kazi yake. Kulikuwa na sufuria mpya, kubwa, ya kupikia watu wa harusi. Aliivuta karibu. Akaivuta tena.

Ndani ya tumbo la sufuria kulikuwa na chumba kizima, kimepinda. Kitanda. Dirisha wazi. Bénédicte ameinama na kamera. Na kando ya dirisha mwanaume mrefu, ameshika shuka nyeupe iliyomfunika kutoka kifuani kwenda chini. Uso wake ulikuwa umepotea kwenye mkunjo wa chuma, lakini shati lilionekana wazi, la bluu, na mistari mieupe mabegani.

Wivu ulimpanda Kule. Akapiga simu.

"Bénédicte, nani anakushikia shuka?"

"Shuka gani?"

"Usiniulize shuka gani. Niko na foto hapa. Mwanaume, ndani ya chumba yako, karibu na kitanda yako. Mi unaniachia kwa kona, kumbe uko na bwana."

Alitegemea machozi, au matusi. Hakupata lolote. Sauti ya upande wa pili ilishuka mpaka ikawa pumzi tu.

"Unamuona wapi?"

"Ndani ya sufuria."

"Nakuja. Usiongee na mutu."

Alifika kwa pikipiki na kandambili za nyumbani, kichwa wazi. Kule hakuwa amewahi kumwona hivyo. Alimpa simu bila salamu, bado amekasirika, na Bénédicte akaitazama picha kwa muda mrefu. Kidole chake kilimpita yule mwanaume, kikaenda kwenye dirisha lililo ndani ya sufuria. Nje ya dirisha lile ulionekana mnara wa simu, mwekundu na mweupe, na pembeni yake jengo la ghorofa lisilokwisha. Hakuna mtu wa Shari asiyejua mahali pale. Akakaa kwenye kigoda.

"Si bwana yangu. Ni mukubwa yangu, Ézéchiel. Tumbo moja, mama moja." Alizungumza akiangalia sakafu. "Watu wa porini walimukamata huko Djugu. Walimubebesha mizigo, kiisha bunduki. Akatoroka. Ule anatoroka, wanamutafuta mpaka wamuone. Miezi munane iko ndani. Mi naogopa hata kukohoa kwake."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia weye, ungemuambia nani?"

Bénédicte alitoa simu yake mwenyewe, akamfungulia ujumbe wa jana, namba isiyo na jina wala picha.

*Nimeona hii sufuria. Nitaikamata mwenyewe.*

*Nitakuletea, papa. Uko mutaa gani?*

*Usilete. Napajua kwako. Kesho saa kumi. Uko na mwanaume wa kunisaidia kubeba?*

Kule alisoma mara mbili. Alikuwa mfanyabiashara, mtoto wa wafanyabiashara, na kilichomtia baridi hakikuwa yale yaliyoandikwa.

"Hajauliza bei," alisema.

"Hajauliza. Na mi nilifurahi tu."

Walitazamana. Wivu wa Kule ulikuwa umekwisha, na mahali pake ilikuwapo aibu nzito. "Ni mi nilikuambia uzitume nzima."

"Njo weye," alisema Bénédicte.

Kule alikuwa na rafiki, Étienne, dereva wa lori la mbao, ambaye saa sita mchana angerudi Mambasa na lori tupu. Alimpigia. Étienne aliuliza swali moja tu, kama mtu huyo anaweza kulala chini ya turubai masaa mengi bila kusogea. Bénédicte alijibu kwamba amezoea.

"Na weye unapanda naye," Kule alisema.

"Hapana. Wakikuta nyumba tupu watajua amekimbia leo, na njia ya Mambasa ni moja. Wakinikuta mi, watapoteza saa. Camion ya Étienne inataka saa."

"Béné, watakuumiza."

"Najua."

Hivyo ndivyo Kule alivyoingia katika nyumba aliyokuwa akiiota. Chumba kimoja na sebule ndogo, mapazia mazito, sufuria zimepangwa mpaka darini. Ézéchiel alisimama pembeni mwa kitanda, mrefu, mwembamba, macho ya mtu asiyeona jua. Alimpa Kule mkono kwa upole.

"Njo weye wa simu," alisema. "Anacheka sana ukipiga. Mi namuambia acheke polepole."

Kule alitaka kulia. Badala yake akavua shati lake. "Vua hiyo ya bluu, wameiona. Vaa hii yangu."

Wakabadilishana. Mlangoni Bénédicte alimshika Kule mkono, baada ya kumkumbatia kaka yake bila sauti.

"Ukimufikisha kwa camion, usirudi hapa. Niahidi."

"Naahidi," Kule alisema, na wakati ule alimaanisha.

Saa kumi kamili, mlango uligongwa. Walikuwa wawili. Mmoja alibaki uani, akitazama nyuma ya nyumba. Mwingine, mtu wa makamo aliyevaa koti la heshima na viatu vilivyosuguliwa, aliingia, akasalimu vizuri, akakaa kabla hajaambiwa.

"Jambo yako, mama. Nimekuja kwa sufuria."

"Jambo, papa. Njo hii." Bénédicte aliiweka mbele yake. Mikono yake aliificha chini ya kitenge. "Ni inox kabisa. Nakuachia quarante-cinq, dola arobaini na tano. Ukitaka tuongee, tuongee."

Mgeni hakuigusa. Alitazama mlango wa chumbani. "Na ule mwanaume wa kushika shuka?"

"Bwana yangu?"

"Sijue. Ni bwana yako?"

"Ni bwana yangu. Ametoka kidogo."

"Nitamungojea," mtu yule alisema, akavuka miguu. "Majirani wanasema haujaolewa. Wanasema uko peke yako, na haupendi wageni."

Bénédicte aliisogeza sufuria mbele tena, akiutafuta uongo wa pili. Aliwaza kuhusu lori, akahesabu vilima. Bado lilikuwa karibu mno. Aliwaza pia kwamba hakuwa amemwambia Kule anampenda, hata mara moja, si kwa neno lenyewe, na jambo hilo lilimuuma kuliko woga.

Uani ilisikika sauti. "Pardon, kaka, nipite, hapa ni kwangu."

Kule aliingia na mkate kwapani na sukari mkononi. Alikuwa amevaa shati la bluu lenye mistari mieupe mabegani. Alivua viatu mlangoni kama mtu anayejua pa kuviweka, akaiweka sukari mezani, akampa mgeni mkono.

"Karibu, papa. Samahani, nimechelewa. Sukari imekosa kwa duka ya hapa."

Mgeni alitoa simu. Akatazama picha, akatazama shati, akarudi kwenye picha. Hakuharakisha hata kidogo.

"Weye ni wa Butembo," alisema mwishowe. "Nasikia kwa kinywa."

"Wa Butembo kabisa."

"Majirani hawakujue."

"Naingia giza, natoka giza," Kule alisema, akainamisha kichwa. "Bado kumaliza mahari, papa. Wazee wake wakijua niko hapa, watanifukuza. Njo maana anakatala wageni."

Yule wa uani aliingia bila kuombwa, akafungua mlango wa chumba, akatazama chini ya kitanda, akarudi, akatikisa kichwa. Mwenye koti alisimama, akajipangusa magoti.

"Sufuria ni nzuri," alisema. "Nitawaza." Alipofika mlangoni aligeuka. "Kesho tutapita kuwasalimia. Na kesho kutwa. Bwana na bibi wakae vizuri."

Walipotoka, Bénédicte alimsukuma Kule kifuani kwa mikono miwili, kwa nguvu.

"Uliahidi."

"Niliahidi."

"Sasa hauwezi kutoka. Umesikia? Ukilala kwako siku moja, watajua. Umejifunga hapa."

"Béné, mbuzi nilikuwa nimeisha kuuliza bei. Nitatuma wazee wangu kwa wazee wako. Hata bila hawa watu ningetuma."

"Unaogopa?"

"Sana."

"Mi pia. Na nakupenda, ujue. Sikukuambia."

Saa kumi na mbili kasoro robo, simu ya Kule ilitetemeka. Étienne alisema maneno machache: wamepita Komanda kwenye njia ya Mambasa, mzigo uko salama, umeomba maji. Bénédicte alikaa sakafuni akalia, kitenge mdomoni. Alipomaliza, alisogeza pazia kidogo. Ng'ambo ya barabara, kwenye benchi la muuza vocha, yule mtu wa uani alikuwa amekaa na soda, hana haraka.

Aliwasha mkaa, akapika fufu na sombe, akatoa meza ndogo nje mbele ya nyumba, mahali ambapo hakuwa amewahi kukaa tangu ahamie Shari. Majirani walisimama kutazama. Aliweka sahani moja kubwa, na maji ya kunawa. Kisha akageukia mlango na kuita, kwa sauti ya kufika ng'ambo, jina la heshima ambalo mwanamke wa kwao, mlangoni pake na wakati wa chakula, humwita mume wake.

"Papa, kuja ukule."

Kule alitoka, akakaa karibu naye, akanawa. Walikula taratibu, magoti yakigusana chini ya meza, na mtu wa ng'ambo akawatazama mpaka sahani ikaisha.