Lori Lisilo na Dirisha

Lori lile halikuwa na injini, na bado lilinguruma. Fundi wa viti ndiye aliyelisikia kwanza, mchana kweupe, amekaa chini yake akishona mto wa kiti. Ulikuwa mngurumo mdogo, kama wa gari lililoachwa limewashwa huku mwenyewe akiaga watu. Akaweka kiganja kwenye bati. Lina joto, tena linatetemeka.

Alipomwambia mumewe, mchomeleaji aliyeliunda, mume akasema labda lina njaa.

Lilikuwa lori la sinema. Wenye sinema walitaka gari la miaka ambayo hakuna aliye hai atakayeiona: pua imechongoka, magurudumu yanampita mtu kimo, na chumba cha dereva kimezibwa pande zote, maana dereva wa zama hizo angeona kwa kamera. Mlango ulikuwa tumboni, kama kifuniko, na kitasa chake kilikuwa nje tu. Siku ya kupiga picha lingevutwa kwa kamba, mngurumo utiwe baadaye.

Siku ya kufunga kiti, fundi wa viti akavua ndala asije akachafua kitambaa, akapanda. Harufu ikampokea, udongo mbichi na nywele zilizoungua. Akageuka ashuke. Mlango ulikuwa umekwisha kujifunga, taratibu, bila kishindo.

Akagonga bati kwa ngumi, akaita. Nje nyundo ya mumewe iliendelea kupiga, karibu kiasi cha kumsikia akihema, lakini sauti yake yeye ilimrudia usoni kama maji yaliyomwagwa ukutani. Akabana pumzi asikilize. Humo gizani kulikuwa na mwingine anayepumua.

"Nani?" akanong'ona.

Pumzi ile ikampita shavuni, ikashuka mpaka penye mlango, ikapenya, na punde si punde, kutoka nje, kwa sauti yake mwenyewe aliyozaliwa nayo, akasikia mtu akimwambia mumewe, "Baba watoto, acha kazi. Twende nyumbani tukale."

Nyundo ikatua. Akapiga kelele mpaka koo likamkauka, akakwaruza bati kwa kucha, akamsikia mumewe akinawa mikono na kutania kwamba leo mke kaamka na huruma, akamsikia yule mwingine akicheka kicheko chake yeye, na nyayo za watu wawili zikienda, na geti la karakana likifungwa, na akawaza wanawe wawili watakavyofunguliwa mlango na mkono usio wake, wapakatwe, wapanguswe midomo, waulizwe habari za shule.

Mume alirudi karakana peke yake, kufuata funguo alizosahau. Alichokiona, kama alivyomsimulia baadaye, ni ndala za mkewe chini ya lori. Yule aliyemwacha nyumbani akiosha vyombo alikuwa amevaa ndala hizohizo.

Akasogeza mdomo kwenye bati. "Mke wangu, umo humo?"

"Nimo."

"Na nyumbani nimemwacha nani?"

Kitasa kiligoma, ikabidi mume akate bati kwa mashine, akamvuta mkewe nje, analia bila sauti.

Njiani wakampitia mganga, bibi mfupi asiye na maneno mengi. Walipofika nyumbani, bibi akawatoa watoto nje, akaingia ndani peke yake, akajifungia. Wakamsikia akisoma dua, kisha akibishana na sauti ileile ya mke.

"Walinijengea," ilisema ile sauti, bila hasira. "Chumba kisicho na dirisha wala pa kutokea, hicho ni chetu. Mbona mnanifukuza?"

Vyombo vikaanguka. Mganga akatoka akijifuta jasho, akasema lidude lile limekwisha ondoka, na lori likatwe vipande. Likakatwa siku hiyohiyo, wenye sinema wakachukia hadi basi.

Mama akapiga magoti, akawafungulia wanawe mikono. Mkubwa akamkimbilia. Mdogo, binti wa miaka minne, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Si wewe," alisema polepole. "Namtaka mama."

Alibembelezwa, akalishwa, akazoea, au walidhani amezoea. Mchana mmoja mama alimkuta nyuma ya nyumba, shavu kalibandika ukutani, akiunong'onezea ukuta jinsi alivyoanguka shuleni. Mama akafungua mdomo amwite. Sauti yake ikamtangulia, ikitokea ndani ya ukuta, ikilitaja jina la mtoto kwa upole kuliko alivyowahi kulitaja yeye.

Binti akatabasamu. "Abee, mama," akaitika.